Jinsi ya Kuunganisha Mashua na Mbingu kwa Hatua Tisa

Mwongozo huu nimeuandika kwa mkono ndani ya daftari la shule, kila hatua na ukurasa wake, nikiwa nimekaa kwenye shetri ya mashua yangu hapa Shela, Lamu. Mashua ina futi 32, mlingoti mmoja, tanga moja, na injini ya dizeli inayowaka ikipenda. Kwa miaka mingi umeme wake wote ulikuwa taa tatu za usiku, nyekundu, kijani na nyeupe, na pampu ya kutoa maji ya ngama. Dira ni ya ami yangu, ambaye ndiye nahodha. Tulikwenda Kiwayu tukarudi, tukaenda Manda Toto tukarudi, wala hakuna aliyetuuliza nenosiri.

Kisha wageni wakabadilika. Zamani mgeni akipanda chombo aliuliza kama kuna papa. Siku hizi anauliza kama kuna Wi-Fi, na ukimwambia hakuna, anakutazama kama umemwambia papa wapo wengi. Nikaona aibu hii itanifuata hadi kaburini. Nikakiboresha chombo kwa miezi mitano, kwa fedha ambazo mama watoto mpaka leo anaamini ziko SACCO. Elimu niliyoipata ni ghali mno kukaa nayo peke yangu.

Vifaa utakavyohitaji: dishi moja, skrini mbili, spika nne, waya kwa kukisia, tepu nyeusi nyingi, na fundi wa redio za magari. Fundi wa redio za magari katika kisiwa cha punda ni mtu mwenye nafasi, utampata siku yoyote. Fuata hatua kwa mpangilio wake, usiruke hata moja.

Hatua ya 1: Nunua dishi

Mafundi wetu wa kuunda vyombo huanza na mkuku, wakaja kwenye mbao na mataruma yake, mlingoti ukasubiri zamu yake. Huo ni ushamba. Wewe anza juu.

Starlink, intaneti ya satelaiti, ilipofungua huduma zake Kenya mnamo Julai 2023, kila mwenye paa aliinua macho, na sisi wenye mlingoti tukaona tuna haki zaidi. Sayansi yenyewe inakuunga mkono. Satelaiti za intaneti za zamani zilikaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, na neno likienda na kurudi uliweza kumeza tonge. Hizi mpya zinapita kwenye kilomita 550 hivi. Ukipima kwa njia ya ndege, kutoka Lamu mbingu sasa ni mbali kidogo tu kuliko Nairobi, na bila kubadilisha basi Mombasa.

Dukani utaonyeshwa madishi mawili. Dogo linakula wati 25 hadi 40, kubwa linakula 75 hadi 100. Chukua kubwa. Muuzaji akikuuliza umeme utatoka wapi, mwambie swali hilo lina siku yake. Kisha lipia kifurushi cha nyumbani kwa sababu ndicho rahisi. Baada ya siku chache utagundua kwamba kifurushi cha nyumbani kimefungwa kwenye anwani, na kwamba bahari haina anwani. Hapo utalipia kile cha wanaosafiri, ambacho ungelipia tangu mwanzo, lakini sasa unalipa ukiwa mtu mwenye uzoefu.

Hatua ya 2: Tayarisha mahali pa kulifunga

Dishi linataka kuona mbingu nzima bila kizuizi. Shetri ingefaa kabisa: iko nyuma, iko chini, haina tanga juu yake. Lakini dishi likikaa kwenye shetri, majirani walioko ufukweni wataliona vipi? Lipandishe juu ya mlingoti.

Huko juu litapata hewa nzuri na mambo matatu. La kwanza, chombo kikiyumba shibiri moja chini, kilele cha mlingoti kinayumba kama mlevi anayetafuta mlango, na dishi litashinda linaitafuta satelaiti iliyokuwa pale sasa hivi. La pili, kila kilo unayoipandisha juu ni kilo inayokivuta chombo kiegame. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hawakujua kwamba nahodha mmoja na dishi moja wanatosha. La tatu ni foromali. Siku utakapogeuza tanga, foromali itapita pale ilipopita tangu enzi za mababu, na haitakuwa na habari kwamba kuna mgeni. Mimi dishi langu liliponea kwenye kamba. Nililishusha hadi kwenye shetri usiku, watu wasione.

Hatua ya 3: Weka skrini

Nunua mbili. Moja ni ya ramani ya bahari, ya pili ni ya kupima kina na kutafuta samaki. Ami yangu ana bildi, risasi iliyofungwa kwenye kamba, yenye shahamu iliyopakwa chini yake. Akiitupa na kuivuta anajua kina ni pima ngapi, na shahamu inamletea mchanga au tope la chini, akajua yuko juu ya fungu gani. Kifaa hiki hakichaji, hakizimi wala hakidai programu mpya. Kiweke makumbusho.

Ramani ya skrini inaonyesha mafungu yote kwa rangi nzuri, mahali yalipokuwa siku ramani ilipochorwa. Kusi ya kila mwaka husogeza mchanga bila kumjulisha mchoraji. Sisi tulipwelewa mchana kweupe, maji yakikupwa, skrini ya ramani ikituonyesha tunaelea kwenye pima mbili. Tulikaa saa tano tukiwa tumeegama, wageni wakiipiga picha skrini.

Sasa funga spika. Wageni wanapenda muziki, na mahali pazuri pa spika ni mbele ya sukani, ubavuni mwa dira, ili nahodha naye asikie. Ndani ya kila spika kuna sumaku, na dira ni sumaku pia. Wataalamu hushauri spika ikae umbali wa mita moja hivi kutoka kwenye dira, lakini wataalamu hawajaona jinsi sehemu ile ilivyopendeza. Tangu siku ile kaskazini ya mashua yetu iliangalia upande wa Somalia kulipokuwa kimya, na upande mwingine kabisa taarabu ilipokolea.

Hatua ya 4: Funga redio ya VHF

Redio hii ni lazima iwepo, kwa sababu inapendeza. Usiiwashe.

Wapo watakaokuambia kwamba chaneli 16, masafa ya 156.8 MHz, ndiyo mlango wa kubishia hodi baharini, kwamba kila meli kubwa inayopita ina mtu anayeisikiliza, na kwamba Mombasa kuna kituo cha uokoaji baharini kinachohudumia eneo zima. Watakuambia pia redio za kisasa zina kitufe chekundu chenye kifuniko. Ukikibonyeza, redio hutuma yenyewe kupitia chaneli 70 namba yako ya tarakimu tisa, ambayo kwa vyombo vya Kenya huanza na 634, pamoja na mahali ulipo iwapo imeunganishwa na GPS. Namba hiyo huombwa kwa mamlaka na kuingizwa ndani ya redio. Ukinunua redio ukaiacha bila namba, kitufe chekundu ni urembo tu.

Mimi niliwajibu kwamba nina WhatsApp. Kundi letu la wenye boti lina watu 143. Tofauti niliielewa baadaye: ukipiga kelele chaneli 16 anakusikia aliye karibu, hata kama humjui. Ukipiga kelele kwenye kundi anakusikia unayemjua, yuko Malindi harusini, naye anakutumia mikono miwili ya dua.

Hatua ya 5: Funga viungo

Hapa ndipo fundi wako anapong'ara. Njia yake ni hii: anamenya waya kwa meno, anasokota ncha mbili kama anasuka ukili, anazungushia tepu nyeusi mara saba, anaipiga kofi kidogo. Maridadi. Joto la ngamani litayeyusha gundi ya tepu kabla ya mwezi kuandama tena, chumvi itaingia, na shaba itaota ukoga wa kijani kama birika la msikitini.

Njia nyingine ni ya kuchosha. Inataka kichwa cha shaba kilichopakwa bati, koleo maalumu la kukibana waya ukiwa ndani, na mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani yake, ili maji yasipate hata tundu la sindano. Kuchomelea risasi peke yake hakutoshi, kwa kuwa waya huwa mgumu pale risasi inapoishia, na mtikisiko wa injini huukata papo hapo. Kiungo kimoja cha namna hii kinaweza kuchukua dakika kumi. Fundi wangu kwa dakika kumi alimaliza mashua nzima.

Wazee wa visiwa hivi walishona mtepe, chombo kizima, mbao kwa mbao, kwa kamba za makumbi, bila msumari hata mmoja, na kikahimili bahari. Sisi wajukuu wao tumeshindwa kuunganisha waya mbili.

Hatua ya 6: Tandaza waya

Nunua waya wa nyumbani, ule wa rangi ya shaba. Sisemi wa shaba, nasema wa rangi ya shaba. Ukiukwaruza kwa kisu utaona ndani ni alumini iliyovishwa kanzu. Waya wa baharini huwa wa nyuzi nyingi nyembamba, kila uzi wa shaba umepakwa bati ili chumvi isiupande kwa ndani kama utambi unavyopandwa na mafuta. Bei yake itakukera, kwa hiyo usiiulize.

Unene wa waya uchague kwa jicho. Mimi nilichagua wa milimita za mraba 1.5, kwa kuwa ulipita vizuri kwenye tundu. Kutoka kwenye betri hadi kwenye redio ni mita kumi, na umeme huenda na kurudi, kwa hiyo ni mita ishirini. Redio ya VHF ikisikiliza inakula kidogo sana. Ikizungumza kwa nguvu zake zote, wati 25, inavuta ampea 5 hivi. Waya wa shaba halisi wa unene ule, kwa urefu ule, hula volti 1.2 njiani. Volti 12 zinaondoka, 10.8 zinafika. Wangu ulikuwa alumini yenye kanzu, ukala zaidi, na viungo vya tepu vikala makombo. Matokeo yake, redio ilisikia kila kitu vizuri, lakini kila nilipobonyeza kujibu ilizima, kama bwana harusi aliyeulizwa na kadhi. Waya wa milimita za mraba 6 ungekula volti 0.3 tu. Lakini ungetaka tundu kubwa zaidi, na keekee ilikuwa imeazimwa.

Hatua ya 7: Weka fyuzi

Weka moja, ndogo, mahali panapoonekana, wageni wajue chombo kina usalama. Ikikatika, usiulize kwa nini imekatika. Chukua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ikunje, ichomeke. Haitakatika tena maishani mwako, ambayo huenda yasiwe marefu.

Watu hudhani fyuzi inalinda redio. Kwanza kabisa inalinda waya. Betri moja ya chombo inaweza kumwaga ampea mia kadhaa kwa mpigo, na waya mwembamba ukipiga shoti mbele ya nguvu hiyo unakuwa jiko la mkaa lenye urefu wa mita kumi, limelala juu ya mbao kavu, jirani na dizeli. Ndiyo maana wajuzi huiweka fyuzi kwenye mlango wa betri, sentimita 18 au chini ya hapo, na kila njia ya umeme ikawa na yake, kubwa kiasi cha waya wake. Mimi niliiweka karibu na skrini, upande ule mwingine wa chombo. Waya wote wa katikati niliuacha kwa Mungu.

Hatua ya 8: Nunua betri

Moja inatosha. Chukua iliyotumika, ya lori, kwa kuwa lori ni kubwa kuliko mashua. Betri ya lori imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, injini iwake, kisha ijazwe. Ukiitumia kuendesha dishi usiku kucha ni kama kumkodi mnyanyua vitu vizito akulindie shamba: nguvu anazo, usingizi unamshinda.

Kitu kimoja tu kiandike mkononi. Betri ya asidi ya volti 12 ikiwa imejaa na kutulia husoma 12.7 hivi. Ikisoma 12.2, nusu imekwenda, na ukizoea kuishusha chini ya hapo unaifupishia umri. Kwa hiyo betri iliyoandikwa ampea-saa 100 ina 50 za kutumia. Hamsini nyingine ni kama nyama ya jirani, unainusa tu.

Ukiwa na betri mbili utaharibu raha yote: moja ya kuwashia injini ambayo haiguswi na kitu kingine, moja ya mambo ya nyumbani, swichi katikati. Wewe tumia hiyo moja kwa yote, na uilaze ngamani kusikoonekana. Maji ya chumvi yakiifikia ndani, hutoa gesi ya klorini, ile ile inayonukia kwenye mabwawa ya hoteli, ila huku huogelei.

Hatua ya 9: Piga hesabu, muulize nahodha

Sasa fedha zimekwisha, muda unao. Chukua kalamu. Dishi kubwa wati 80. Inveta, inayoligeuzia dishi umeme wa betri, nayo ina tumbo, kwa hiyo jumla iwe 90. Gawa kwa volti 12, unapata ampea 7.5. Una 50 za kutumia. Gawa. Jibu ni saa sita na dakika arobaini. Paneli ya sola ya wati 100, kwa jua letu la pwani, ingekupa wati-saa 400 hivi kwa siku nzuri, yaani chini ya saa tano za dishi, bila kuhesabu taa, skrini, redio na pampu.

Hesabu hii nilikuja kuifanya baada ya safari. Bahari iliifanya kabla yangu.

Tulikuwa Kiwayu, wakati wa kaskazi, tumetia nanga na wageni wanne. Niliwasha kila kitu saa mbili na dakika ishirini usiku, kwa majivuno. Mgeni mmoja alikuwa na kikao na ofisi yake ya California, ambako ilikuwa bado jana, jioni ya saa kumi. Saa tisa kamili za usiku wetu akiwa katikati ya neno, uso wake ulikwama kwenye kompyuta mdomo wazi, kisha ruta ikazima, taa zikazima, redio ikazima. Na pampu ya ngama, ambayo tangu azaliwe babu yake haikujua intaneti ni nini, ikazima nayo, maana wote walikuwa wananyonya titi moja. Nilipokanyaga chini, maji yalinifika kwenye vifundo. Nikaenda kuwasha injini. Ikatoa mlio mmoja, kama mtu aliyeamshwa akakataa.

Ami hakusema kitu. Alichukua upo, akaanza kufua maji, akanipa ndoo. Kulipopambazuka alifungua spika iliyokuwa karibu na dira kwa bisibisi yake, akailaza juu ya mto wa mgeni kwa adabu, akaitazama dira mpaka ikatulia. Akatweka tanga. Kaskazi ilikuwa nyuma yetu, ikatusukuma hadi Lamu. Yule mgeni wa California alidai nimrudishie nusu ya nauli, kwa sababu kikao chake kilikuwa hakijaisha.

Siku ya tatu ami alikuja kwenye shetri akanikuta naandika hatua hii ya mwisho. Akaomba daftari. Yeye alifundishwa kuandika chuoni, kwa herufi za Kiarabu, na Kiswahili chake cha barua mpaka leo anakiandika hivyo. Kila kitabu anakifungua kutoka kulia. Miwani hakuwa nayo, kwa hiyo alisoma vichwa vya habari tu, kwa sauti, akifunua ukurasa baada ya ukurasa, namba hakuzijali: piga hesabu, muulize nahodha, nunua betri, weka fyuzi, tandaza waya, funga viungo, funga redio, weka skrini, tayarisha mahali pa dishi, nunua dishi.

Alifunga daftari akanirudishia.

“Mpango mzuri sana huu, mwanangu,” aliniambia. “Kumbe ulijua. Sasa mbona ulifanya kinyume?”

Sikumwambia ni nani aliyelishika daftari kinyume. Na wala sina hakika tena.